Kasilda, Wakili Tuliyemgawana na Giteranyi

Mwaka umetimia, Kasilda, tangu moyo wako uliposimama garini, ukitoka Muyinga kurudi nyumbani kwetu Magarama. Siku yako ya mwisho walikuwa nayo watu wa Giteranyi, huko huko Muyinga. Hilo mumeo Bagalwa hajalimeza hadi leo.

Ulikuwa wakili ambaye angeweza kufungua ofisi yake mwenyewe na kutajirika. Ukachagua kazi ya serikali hapa Gitega. Simu ikilia hukusema "alo", ulisema, "Nakusikia." Ulisoma sheria kwa sauti huku ukipuliza makaa, na wanao Elyse na Gédéon wakajua maneno mazito kabla ya kujua kufunga viatu.

Kisha ikaja hii akili bandia. Mradi mmoja uliweka mashine ichague wakulima wa kupewa mbolea, nayo ikawaruka wale wa Giteranyi waliorudi kutoka Tanzania, kwa kuwa haikuona karatasi zao za zamani. Wewe mwenyewe ulikulia kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Ulipambana mpaka ikaandikwa kanuni: mtu asikataliwe na mashine peke yake, lazima awepo binadamu mwenye jina, amweleze sababu na amsikilize. Halafu ukawa unakwenda Giteranyi mwenyewe kuona kama kanuni inafuatwa.

Bagalwa alianza kwa kuionea wivu kompyuta. "Iyo ordinatere iko nakuona kuliko mi bwana yako," alikwambia, nawe ukacheka. Baadaye akawaza kuna mtu. Siku moja alifunga duka la vitenge, akapanda basi, akakufuata hadi Giteranyi. Alikukuta umevua viatu, umekaa mkekani na wanawake, unacheka kile kicheko alichodhani unakitoa nyumbani tu.

Alimwambia dada yako Martha kwamba afadhali angekukuta na mwanaume; mwanaume angemfukuza. Lakini kilima kizima cha watu utakifukuzaje? Aligeuka akarudi bila kukusalimu, na hakukwambia kamwe.

Wiki iliyopita Zuena, mmoja wa wale wakulima wako, alikuja dukani.

"Shemeji," alisema, "tunaomba kumbukumbu ya mwaka ifanyike kwetu."

Bagalwa akaja juu. "Shemeji wa nani? Mulikuwa naye siku za kazi. Mulikuwa naye siku ya mwisho. Sasa na kumbukumbu munaitaka? Mi mutaniachia nini?"

Zuena aliangalia chini kwanza, kisha akasema, "Siku ile tulimpikia. Akakataa kula. Tukamwambia, dada, hata ndizi mbili tu. Akasema, 'Bagalwa anapika leo. Nikifika nimeshiba, atanuna wiki nzima.' Akaondoka na njaa. Na sisi tulinuna, shemeji."

Ni kweli, alikuwa amepika: bugali na mboga za lengalenga. Alifunika sahani mbili, akakungoja.

Bagalwa alikaa juu ya marobota ya vitenge.

"Sema tena," aliomba.

Zuena akasema tena.

"Alitaja jina yangu? Mbele yenu wote?"

"Mbele yetu wote."

Basi kumbukumbu itakuwa Magarama, Jumamosi hii. Hapo Bagalwa hakusogea hata kidogo. Lakini watu wa Giteranyi wanakaribishwa. Zuena ataleta maharagwe. Martha alijitolea kuyapika, Bagalwa akakataa. Siku hiyo hataki mtu aguse chungu chake. Atapika mwenyewe, atawapakulia mwenyewe, na anasema watakula mpaka washibe.

Tunakukumbuka: mumeo Bagalwa, wanao Elyse na Gédéon, dada yako Martha. Na Zuena pia. Bagalwa ameruhusu aandikwe, mradi awe wa mwisho.

Kasilda wetu, siku zote tulizojaliwa, hatutakusahau.