Fungu Lako la Sombe

Mume wangu mpendwa,

Majani yameanza tena kuanguka hapa Jette, huku ugenini, na mimi bado napika chakula cha watu wawili. Kila jioni nikirudi kutoka hospitalini nakuwekea sahani, naifunika, na asubuhi naila mwenyewe nimesimama, kabla ya kwenda kazini. Nimenenepa kwa kukungoja. Ungecheka.

Unaikumbuka ile siku ya Ardennes? Ilikuwa vuli yetu ya kwanza, ukaazima gari la Tonton, mjomba wako wa Auderghem, lile ambalo hita yake ilikuwa imekufa. Kila mtu alituambia twende tukaone milima. Ulipanda kona baada ya kona ukiutafuta huo mlima, mpaka kibao cha barabarani kikatuambia tumeshafika juu. "Hii njo mulima?" ukasema. "Bukavu hii ni pahali pa kuanika nguo!" Lakini tulipogeuka kutazama bonde, msitu mzima ulikuwa mwekundu na wa manjano, ukazima gari, ukashuka kuutazama.

Njaa ilitukuta karibu na nyumba ya mawe yenye ng'ombe. Nilikuwa nimebeba bugali na sombe ya majani ya muhogo, sufuria nimezizungushia vitenge zisipoe. Mimi nilitaka tule garini, vioo vimefungwa, tusionekane. Ukakataa kabisa. "Non, maman. Hatuwezi kula ku mulango ya muntu bila kumuita. Ni haya." Ukaenda kubisha kwa Mbelgiji usiyemjua, kumkaribisha chakula mbele ya nyumba yake mwenyewe! Nilijifunika uso, nikijua ataita polisi. Mzee akatoka, akatutazama, akarudi ndani, kisha akaja na viti vitatu. Alikula sombe kwa kijiko, taratibu, akauliza kama ni spinachi. Ukamwambia ndiyo, ili asiogope.

Kisha vita vikakaribia kwetu Bukavu, ukaenda kumtoa mama yako. Pale uwanja wa ndege ulisema nisimalize sombe yote. Tangu hapo sijaisikia sauti yako. Waliotoka huko wanasema waliwaona mkiingia msituni, wewe umembeba mama mgongoni, halafu hapo wanatazama chini. Tonton alikuja: "Mutoto yangu, tutangoja mpaka wakati gani? Donc, tufanye matanga, tumulilie." Nikamfukuza, mjomba wako mzima, nikamshikisha koti lake mlangoni. Ningekulilia vipi na chakula chako nimekifunika mezani?

Jumapili iliyopita mwenzangu wa kazini alikuwa anakwenda Ardennes kwa mama yake, nikaomba anishushe kwenye ile nyumba ya mawe. Nilibeba sombe, na vitenge vilevile. Safari hii nilibisha mwenyewe. Mzee amechoka sana, anatembea na mkongojo, lakini alinikumbuka papo hapo, akatoa viti vitatu, kimoja kimoja. Kisha akaangalia barabarani, akauliza kama bwana bado anaegesha gari.

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Amekufa, papa," nikamwambia. Sikuwahi kulitamka hilo neno, hata peke yangu. Tukakaa, mzee akavua kofia yake, akaiweka gotini. Majani yaliangukia kiti chako na hakuna aliyeyapangusa.

Nikapakua fungu lake, langu, na lako. Lako nikalifunika, mkono umeshazoea. Mzee alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Nikafunua yako, nikamsogezea. Aliimaliza yote, mume wangu, na mimi nikilia.

Nimempigia Tonton simu, nimemwomba radhi. Matanga ni Jumamosi, kwake, na sombe nitapika mimi. Jana jioni nilijaribu kupika chakula cha mtu mmoja. Chumvi ilizidi. Mkono wangu haujui bado.

Pumzika sasa, na umsalimie mama.

Mke wako