Trei Nyekundu

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na mashine ya kusaga haikusumbui. Mimi mzima.

Habari mpya imetolewa leo asubuhi na mfamasia anayetusimamia: tutafanya kazi hapa hospitali siku thelathini za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku ukurasa mmoja wa kitabu, kila ukurasa sahihi yake. Ukikosa sahihi moja, huruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho, unarudia mwaka. Wanafunzi wanamwita Bi Mizani, akiwa mbali.

Miaka mitatu darasani nilidhani dawa ni majina ya kukariri. Leo zimepita dirishani pakiti mia mbili na kumi. Mmoja anahesabu vidonge, mwingine anasoma lebo kwa sauti kabla pakiti haijatoka. Trei za kuhesabia ziko mbili: nyeupe kwa dawa zote, nyekundu kwa penisilini peke yake. Nikauliza kwa nini. Bi Mizani akapitisha kidole kwenye ile nyekundu, akaniinulia. Sikuona kitu.

"Hicho usichokiona," akasema, "kuna watu kinawaziba koo."

Mama, nilikitazama kile kidole mpaka akanicheka: "Unataka kikuoe? Rudi kazini."

Kitinda mimba wako

10 Machi

Kwako kitinda mimba,

Marahaba. Kifua siku hizi kinakohoa chenyewe, hakiniombi ruhusa. Huku sote tunaendelea vizuri.

Barua yako nimeisomea mashineni, imejaa unga. Huyo Bi Mizani namjua bila kumwona. Mteja mpya akifika, kwanza namwaga konzi mbili za nafaka yangu kusafisha koo la mashine, ndipo namwaga yake. Mwenye mashine analalamika nachelewesha foleni. Namwambia, wewe una mashine, mimi nina jina.

Ule vizuri. Usituletee mifupa siku ya mahafali.

Mama yako

18 Machi

Mama,

Shikamoo. Salamu za leo ni fupi, unisamehe.

Saa tisa alasiri Bi Mizani amesema ukurasa wangu wa leo, wa kumi na moja, hatautia sahihi. Sababu ni mimi.

Foleni ilifika langoni. Trei nyekundu ilikuwa imetoka kuoshwa, inachuruzika maji. Nikahesabia penisilini ya mtoto mmoja kwenye trei nyeupe, nikajiambia nitaiosha. Akafuata fundi seremala, mtu mzima, vidonge thelathini vya presha. Nikahesabu humo humo. Lebo ikasomwa, sahihi kila neno. Akaenda zake.

Ndipo nikaona mstari wa unga kwenye pembe ya trei, mwembamba kama uzi. Kadi yake ilikuwa bado mezani: mwaka juzi penisilini ilimvimbisha koo, akalazwa siku nne.

Hakuna aliyeniona. Nikamwendea Bi Mizani, nikasema.

Bi Mizani hakupaza sauti. Akampigia fundi simu; imezimwa. Akavua koti. "Osha trei, hesabu vingine, twende." Tulitembea dakika kumi na mbili mpaka karakana ya fundi. Pakiti ilikuwa juu ya rundo la mbao, haijafunguliwa. Alikuwa akingoja chakula kwanza.

Bi Mizani akamweleza. Mimi nikasema, "Niliyehesabu ni mimi, mzee. Nisamehe."

Fundi akacheka, akajikung'uta shati, vumbi la mbao likapaa. "Binti yangu, vumbi nimelila tangu ujana. Hili la kwenu lisiloonekana ndilo la kuniua?"

"Ndiyo, mzee," akajibu Bi Mizani. "La kwetu ndilo."

Fundi akaacha kucheka. Sote watatu tukaitazama ile pakiti, inayoenea kwenye kiganja cha mtoto. Sijapata kukiogopa kitu namna ile, wala kukiheshimu.

Tumembadilishia. Taarifa nimeiandika kwa mkono wangu, imepelekwa chuoni. Wanaweza kunirudisha mwaka.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Habari za sahihi usiniletee kwanza. Fundi mzima?

Leo nimesaga magunia manne. Kila mteja nimemmwagia konzi tatu.

Mama yako

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Fundi mzima. Jana nilipita karakana nikamwona kwa macho yangu, anapiga randa na kugombana na redio.

Chuo kimejibu leo: uamuzi wamemwachia msimamizi. Nikasimama mbele ya meza yake. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kumi na moja. Kidole kilekile.

"Huu utabaki wazi mpaka mzee amalize vidonge vyake. Akirudi kuchukua vingine, utarudia kazi ya siku ile. Ukiifanya inavyotakiwa, nitatia sahihi. Usipoifanya, tutaonana mwakani."

Nikauliza, kama mzee hataki nimhudumie?

"Nimeshamuuliza. Anasema uhesabu wewe. Wewe umeshakiri kosa mbele yake, makosa ya wengine hayajui."

Wenzangu watamaliza tarehe 12. Mimi nitabaki nyuma. Nitaiosha trei nyeupe mbele ya fundi, nitaikausha, nitahesabu thelathini, na Bi Mizani atasoma lebo. Fundi anarudi Jumanne, tarehe 16 Aprili, saa tatu asubuhi.

Kitinda mimba wako