Fuwele ya Saa ya Ukutani

Jumatano, 2 Juni 1993
Darasani hadi saa nane. Baadaye nimerudi kwenye jedwali la saa. Kiini cha programu ya kuongoza jokofu la chanjo la zahanati kinakaribia kukamilika. Kilichobaki ni kuvipa majina vyombo vinavyokihesabia muda. Nimeviita hivi: fuwele, kigawanyi, mdundo, lango. Kila kimoja kina jina, mzazi anayekilisha mdundo, kasi na maelezo. Fuwele, kijiwe kinachotetema kwa umeme, haina mzazi. Hutetema mara milioni nne kwa sekunde. Kigawanyi hupunguza hadi mia moja. Kiini huhesabu midundo mia na kuamini kuwa sekunde imepita. Hakina njia nyingine ya kujua. Kitaamini chochote nitakachoandika.

Nimeridhika na majina. Ni Kiswahili safi na hayagongani.

Alhamisi, 3 Juni
Nestori amemaliza kulehemu bodi ya mashine itakayobeba programu. Ni fundi redio wa Igurwa aliyeajiriwa na kamati ya zahanati, mtoto wa wazazi waliotoka Burundi. Siku ambazo hakuna redio analima mashamba ya wenzake. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Aliniambia fuwele ya kwenye mchoro ilipasuka alipokuwa akiiweka, akatia nyingine aliyoitoa katika saa ya ukutani iliyokufa.

"Inapiga vizuri, Mwalimu, ila siyo ileile. Uiangalie namba."

Nilikuwa katikati ya hesabu. Nilimwambia aniletee kwa maandishi. Kanuni yangu ni kwamba hakuna kinachoingia katika jedwali kwa mdomo. Akacheka. "Mwandiko wangu utauweza, Mwalimu? Hata mke wangu umemshinda." Hakuleta. Sikumkumbusha.

Katika safu ya kasi niliandika milioni nne, kama mchoro unavyosema.

Jumatatu, 7 Juni
Mashine imewashwa zahanati ya Kanoni saa sita kamili mchana. Kazi yake: kulipatia jokofu la chanjo umeme wa betri kuanzia saa sita hadi saa kumi, wakati jua linapozijaza, na kuukata saa nyingine zote. Mama Adventina, muuguzi mkuu, alipiga makofi. Nilifurahi zaidi ya kiasi.

Jumanne, 8 Juni
Adventina ametuma salamu kwa mwanafunzi: "Mwambie Mwalimu saa yake ina haraka ya kwenda mbinguni. Imenitangulia zaidi ya saa nzima." Saa yake ya mkononi ni ya kutia ufunguo, naye husahau. Nimepuuza. Nina mitihani ya kusahihisha.

Jumamosi, 12 Juni
Chanjo zote zimeharibika.

Ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama walitoka Igurwa na Kihanga kwa miguu, watoto mgongoni. Adventina alifungua jokofu akakuta vuguvugu. Betri tupu. Mashine ilikuwa ikidhani ni adhuhuri wakati jua ndiyo kwanza linachomoza. Wote wamerudishwa nyumbani. Mmoja aliniuliza, kwa adabu, kama wiki ijayo sindano zitakuwapo.

Jumapili, 13 Juni
Sikwenda ibadani. Nilifungua mashine nikaisoma fuwele kwa lenzi. 4.194304. Milioni nne, laki moja na tisini na nne elfu, mia tatu na nne. Ni fuwele ya saa. Namba hiyo hugawanyika kwa mbili na mbili na mbili hadi sekunde moja. Bora kuliko yangu. Kwa jedwali langu mashine ilikuwa inakimbia mbele karibu dakika tatu kila saa, dakika sabini kwa siku. Siku tano, karibu saa sita.

Nestori alikuwa ameniambia. Kwa sauti, hatua moja kutoka kiti changu.

Nilirekebisha safu ya kasi na kigawanyi. Desturi yangu ni kukata kosa kwa mstari mmoja, kosa lisomeke, kisha kuweka tarehe. Leo nilichana ukurasa na kunakili jedwali upya, mwandiko ukiwa umetulia. Ukurasa wa zamani nimeuchoma jikoni. Mke wangu aliniuliza nachoma nini. Nilisema rasimu.

Jumatatu, 14 Juni
Kamati ya zahanati ilikaa saa tatu asubuhi. Lazima niandike kwa usahihi.

Mwenyekiti aliniuliza mchoro unataka fuwele gani. Nilijibu kweli. Aliniuliza ndani ya mashine kuna fuwele gani. Nilijibu kweli. Hakuna aliyeniuliza nilijua nini, wala lini.

Nestori alisimama. "Nilimwambia Mwalimu." Wote walinigeukia. Nilisema: "Sina maandishi yoyote kuhusu jambo hilo."

Sentensi hiyo haina neno la uongo hata moja. Niliichagua kwa sababu hiyo.

Mjumbe mmoja akadakia, "Fuwele yetu iko ndani ya redio ya mtu huko Igurwa! Mkimbizi kakimbia nayo." Watu walicheka. Nestori amezaliwa hapahapa Karagwe. Adventina peke yake hakucheka; alinitazama mimi. Nestori ameondolewa kazini, na mwenyekiti ametangaza kwamba mtu yeyote asimpe chombo cha kutengeneza hadi airudishe fuwele iliyopasuka, isiyokuwapo tena.

Nilitembea nyumbani kwa njia ya nyuma, katikati ya migomba.

Alhamisi, 17 Juni
Mashine inakwenda sawasawa. Nimesifiwa mbele ya walimu wenzangu kwa kuokoa kazi iliyoharibiwa na fundi. Nilisema asante. Nilisema asante!

Jumapili, 20 Juni
Nimekwenda Igurwa. Nilijiambia nakwenda kukiri. Nestori alikuwa uani akianika kahawa ya jirani kwenye mkeka; benchi lake la redio lilikuwa tupu. Watoto wa barabarani, alisema, wamempa jina: Fundi wa Kuozesha Sindano. Alilisema akitabasamu, kama mtu anayekuonyesha kidonda kidogo.

Mkewe aliniletea akamwani, kahawa ya kutafuna, katika kikapu kidogo, kama inavyomstahili mgeni anayeingia kwa amani. Nilichukua punje nne. Nilizishika kiganjani. Sikuweza kuzitia kinywani.

Nestori aliona. "Tafuna, Mwalimu. Hizi sikuzibadilisha."

Mkewe alicheka, akaacha ghafla. Kisha Nestori, kwa sauti ya chini: "Labda sikukueleza vizuri siku ile. Kiswahili changu cha mambo ya kitaalamu si kizuri. Unisamehe."

Ameniomba msamaha. Anaanza kutilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe, kwa sababu mtu msomi hawezi kuwa ndiye aliyekosea. Nilisema tutazungumza siku nyingine. Nikaondoka na punje zikiwa mkononi, zimelowa jasho.

Mimi ni mwoga. Nilidhani mimi ni mtu makini.

Jumatatu, 21 Juni
Hakuna kazi iliyofanyika. Nimesoma jedwali jipya mara nyingi. Halina kosa. Ni uongo mtupu.

Jumatano, 23 Juni
Nimeomba kamati ikutane, na Nestori aitwe. Nilisimama na kusema, bila karatasi: Juni tatu aliniambia. Nilimsikia. Nilipuuza kwa sababu hakuandika. Juni kumi na tatu nilijua kosa ni langu, nikachoma ukurasa. Juni kumi na nne nilimwacha abebe.

Mwenyekiti alijaribu kunisaidia. "Mwalimu alikuwa na mambo mengi." Nilisema hapana. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nilinyamaza.

Mjumbe wa mzaha alikuwa akitazama viatu vyake. Adventina akamwambia Nestori, "Pole, baba." Hakuna mwingine aliyesema neno hilo. Mimi mwenyewe nililisema nimechelewa, na lilisikika kama sehemu ya taarifa.

Wamemrudishia kazi. Alisema atafikiri. Akaniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo nilikuambia?"

"Uliniambia."

Alitikisa kichwa kukubali, akavaa kofia, akatoka.

Jumamosi, 3 Julai
Kliniki imefanyika. Chanjo zilikuwa baridi. Nimeandika jedwali upya kwa mara ya tatu, kosa la kwanza likiwa limekatwa kwa mstari mmoja na tarehe yake ya kweli. Katika safu ya maelezo ya fuwele: imetoka katika saa ya ukutani, imewekwa na Nestori, alitoa taarifa siku hiyohiyo.

Nestori hakurudi zahanati. Anatengeneza redio nyumbani kwake. Watu wamempelekea tena.

Asubuhi tulikutana barabarani, yeye na jembe begani. Kwa miaka yote niliyomfahamu amekuwa akinipa shikamoo, nami nikiipokea bila kufikiri. Leo alipunguza mwendo.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri," nilisema.

Akaenda zake upande wa Igurwa.