Risasi Tatu kwa Kiboko Mmoja

Bonde la Ruvuma, 4 Mei 2024

Baba mpendwa,

Hawa sasa hivi kashika ufagio, kamlenga kuku, kasema "puu!" Kuku hata hakushtuka. Rajabu, baba yake, akamwambia, "Basi tumefanana, mwanangu." Akacheka, ila si cheko la kweli.

Shikamoo baba. Masikio yanaendeleaje? Ningepiga simu, lakini najua hunisikii tena, ndiyo maana naandika. Sisi wazima, ila moyo wangu haujatulia.

Kiboko anatumalizia mpunga. Jumatano Rajabu alimpiga risasi tatu, hatua arobaini tu, mchana kweupe. Hakuna hata moja iliyompata. Rajabu huyuhuyu uliyemfundisha wewe! Jirani yetu Felista akamwambia mbele za watu, "Shemeji, kesho beba mwiko." Wengine wanasema kafungwa kwa uchawi na watu wabaya. Mwenyekiti kasema asipompata wiki hii, bunduki ya kijiji atapewa mwingine. Tufanyeje, baba?

Mwanao,
Mama Hawa

Naliendele, 6 Mei 2024

Mwanangu Sabra,

Marahaba. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linanidanganya. Mjukuu wangu nitampakata lini?

Hakuna cha kufungwa hapo. Mwambie mkwe wangu asiende kwa kiboko kwanza. Ukimkosa, anakwenda zake. Ukimjeruhi, anakurudia, nimemzika mwenzangu kazini kwa hilo. Aitoe bunduki risasi zote, atazame kama mtutu una uchafu. Kisha ailaze juu ya mfuko wa mchanga, apige karatasi mara tatu. Matundu yakikusanyika pembeni, basi kilengeo kimesogea. Yakitawanyika, kuna kitu kimelegea: akaze zile skrubu mbili za chini, zinazoshika chuma na mti.

Na nijibu hili. Nani kaifungua hiyo bunduki?

Baba yako

Bonde la Ruvuma, 9 Mei 2024, saa tisa alasiri

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine utanisamehe, naandika mbiombio.

Aliyeifungua ni mimi. Rajabu alikwenda mazikoni Mtawanya, huku mchwa wakala mwimo wa mlango, nikaona kesho watahamia kwenye bunduki. Nikautoa ule mti, nikaupaka mafuta ya maganda ya korosho kama tunavyopaka nguzo. Kurudishia nikakaza kwa kisu cha jikoni. Nilijiona nimefanya la maana, baba.

Barua yako nilimsomea mwenyewe. Nilipofika kwenye skrubu nikaruka. Niliogopa: silaha ya kijiji haishikwi na mtu mwingine, angefukuzwa kazi kwa ajili yangu. Jana akapiga karatasi, matundu yakaenda kila upande. Akawa anaitazama mikono yake tu. Baadaye ndipo akaniambia, "Nitamsogelea mpaka hatua kumi. Hapo hata kipofu hakosi."

Hatua kumi, baba! Na bunduki hailali mbali naye tena, nimekosa hata pa kuikazia.

Sasa kiboko yuko shambani kwa Mwanahamisi, watu wanapiga madebe. Rajabu kashavaa buti. Anapekua nyumba nzima anatafuta risasi, hazioni, kwa sababu nimekalia kiboksi chake hapa ninapoandika. Kazi akikosa tutalima mihogo. Yeye nikimkosa, Hawa nitamwambia nini?

Ananiita. "Mama Hawa! Risasi umeziweka wapi? Mama Hawa!" Nainuka, baba. Namwambia ni mimi niliyeifungua bunduki.