Mgonjwa wa Kuigiza

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, Baba anakohoa kidogo tu kwa vumbi la chaki. Kabla hujauliza hali yangu, nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: tangu mwaka jana, nikipanda ngazi za shule moyo unanienda mbio na macho yanaingia giza. Nilinyamaza nisije nikaachishwa masomo.

Jana chuo cha udaktari kilituomba wanafunzi tuwe wagonjwa wa kuigiza kwenye mtihani wao. Nilipewa karatasi: tumbo linauma siku mbili, nikiulizwa jingine lolote, nijibu "Hapana." Mimi ninayeogopa hata kuitika jina darasani! Kila mwanachuo alipewa dakika nane, kisha kengele. Sita walinibonyeza tumbo kama wanakanda unga. Wa saba, mrefu, miwani imeungwa kwa plasta, alisugua viganja kwanza vipate joto. Akauliza, "Kuna kingine kinachokusumbua, mdogo wangu?"

Dada, karatasi yote ilinitoka kichwani. Nikamwambia ya ngazi.

Akaweka kifaa chake kifuani pangu, akafumba macho. Kengele ikalia, hakusogea. Akamgeukia msimamizi: "Mwalimu, huyu haigizi."

Nilichokificha mwaka mzima, mtu kakisikia kwa masikio tu! Bado nashangaa. Lakini tumbo hakuligusa. Nimemfelisha.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila barua yako imenikalisha chini. Vitabu vyote hivyo unavyosoma, ya mficha maradhi hukuikuta? Mwambie Baba leo hii. Na huyo wa miwani ya plasta, usimwache kwenye shimo ulilochimba wewe.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Baba hakugomba. Alinibebea mkoba hadi hospitali. Vali moja ya moyo haifungi vizuri. Nina dawa, na darasa letu limehamishiwa chini. Daktari anasema tumewahi.

Kisha nilikwenda chuoni peke yangu. Msimamizi alikuwa anakunywa chai. Nilisema kosa ni langu, sikufuata karatasi.

"Yaani umekuja kumtetea?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaweka kikombe chini. "Tumbo ni lazima alipime. Atarudia Alhamisi, na mgonjwa utakuwa wewe."

Alhamisi nililala kwenye kitanda kilekile. Alisugua viganja, akanibonyeza tumbo taratibu, pande zote. Akauliza, "Kuna kingine kinachokusumbua?"

Nikajibu, "Hapana."

Mdogo wako