Tulivyolala Kifudifudi Mbele ya Dubu

Kaka Bisimwa,

Mtu akifiwa, watu wengi hukosea jambo moja: wanapunguza sauti. Wanamsemesha mjane kama mgonjwa. Ndivyo walivyomfanyia mke wako, Mama Zawadi, pale nyumbani kwenu Linden tangu siku tuliyokuzika. Kina mama wa kanisa waliingia wakinyata, wakaweka sufuria mezani, wakatoka wakinong'ona. Nia yao ilikuwa njema. Lakini Mama Zawadi, ambaye sauti yake unajua ilivyokuwa ikivuka barabara, naye akaanza kunong'ona.

Nikueleze nilivyojua kwamba hali ni mbaya. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita jina langu. Mimi ni shemeji yake, na kwetu shemeji hutaniwa. Asiyetaniwa ni mgeni. Niliitwa Mzee Chaki, niliitwa Mwalimu wa Ng'ombe. Nikifika kutoka Louisville, hata sijashuka garini, anapiga kelele dirishani: "Funikeni vyungu, njaa ya Kentucky imefika!" Basi, wiki chache baada ya mazishi nilikwenda kumtazama. Alifungua mlango, akainamisha macho, akasema, "Karibu, baba."

Baba! Kaka, heri angenitukana.

Nyuma ya nyumba, mboga za lenga-lenga ulizopanda zilikuwa zimemezwa na magugu. Sombe, yale majani ya mihogo, alikuwa hatwangi tena. Alikuwa akisonga bugali kidogo, anaigusa, anaifunika. Nguo zikaanza kumpwaya. Ulipokuwa hospitalini uliniambia, "Mwangalie huyu, asije akanifuata." Neno hilo lilinirudia kila nilipoona sahani yake imefunikwa.

Sasa nikuambie habari ya ile safari. Unakumbuka mwanao Zawadi alikuwa ameipanga kwa ajili yenu wawili kabla hujaugua: kwenda kaskazini kabisa ya Kanada kuwaona dubu weupe, pamoja na kundi la wastaafu wa Buffalo, huko anakofanya kazi ya kutunza wazee. Ulipofariki alitaka kuifuta. Mama yake akasema, kwa ile sauti mpya, "Baba yako mdogo aende mahali pa baba yako. Mimi nitabaki." Nikamwambia peke yangu siendi, mimi na dubu hatuna lugha ya kuongea. Hakucheka. Lakini alikuja.

Tulikusanyika Buffalo, tukavuka daraja la kuingia Kanada. Mpakani Mama Zawadi aliishika pasi yake mpya kwa mikono miwili hadi ikapinda. Afisa akaitazama, akamrudishia, tukapita. Basi. Wewe uliyevuka mipaka gizani usingeamini.

Ndege ikatupeleka magharibi, nyingine kaskazini, hadi mji mdogo kando ya Ghuba ya Hudson, mahali ambapo hakuna barabara ya kuingia wala ya kutoka. Utaniuliza kwa nini dubu wanakusanyika hapo kabla ya baridi kali. Ni kwa sababu mto mkubwa unamwaga maji matamu baharini, na maji matamu huganda upesi kuliko ya chumvi. Dubu anangoja barafu ili akawinde sili, wanyama wa baharini anaowala. Nilimweleza Mama Zawadi haya yote njiani. Zamani angesema, "Mwalimu, kengele imelia zamani, wanafunzi wameenda." Safari hii aliitikia tu, "Asante, baba."

Kiongozi wetu alikuwa binti mmoja mrefu, bunduki begani. Alitupa masharti, Zawadi akatufasiria: tutembee mstari mmoja, tusiongee, na yeye akiinua mkono, sote tusimame pale pale. Tukakubali. Tukaenda kando ya maji, juu ya zulia laini la mimea na matope, mimi nyuma ya Mama Zawadi, wazungu nyuma yetu na kamera zao. Kimya. Unasikia buti tu.

Yule binti akainua mkono.

Wazungu walisimama. Zawadi alisimama. Mimi nilikuwa tayari chini, kifudifudi, pua kwenye matope. Neno "simama" nililielewa vizuri, lakini mwili una shule yake. Ni wewe uliyetufundisha, kaka. Tulipokimbia vita nyumbani, wewe ulikuwa mbele katika msitu ule, na ulipoinua mkono sote tulilala, hata Zawadi mgongoni mwa mama yake, mtoto ambaye hakulia. Kwa hiyo tulitii. Tulikutii wewe.

Nikageuza kichwa. Mama Zawadi naye alikuwa amelala sambamba nami, kofia imemfunika jicho moja. Akaniangalia. Nikaona kitu kinatikisika shavuni mwake.

"Shemeji," akanong'ona, "hata matope ya watu unakula? Chakula cha hoteli hakikukutosha?"

Nikamjibu, "Na wewe umeanguka kama gunia la mihogo, dubu atadhani ni tetemeko."

Nyuma yetu mzee mmoja wa Buffalo akauliza kama tumeugua. Zawadi, ambaye aibu ilikuwa imemkausha, akajibu jambo la kwanza lililomjia: "Wanasali." Kaka, wazungu wale wakavua kofia! Kwenye baridi ile! Mmoja akafumba macho kabisa, na dubu yuko mbele yake.

Hapo mke wako alishindwa kujizuia. Kicheko kilianzia puani, kikashuka tumboni, kikatoka kwa ile sauti yake ya kuvuka barabara. Dubu alikuwa amelala kwenye mwani kule mbele, mkubwa, wa rangi ya samli. Akainua kichwa, akanusa upepo, akatutazama kama mzee aliyekatizwa usingizi. Kiongozi alituamuru turudi nyuma polepole. Tulirudi, Mama Zawadi akiuma glovu yake asicheke tena, machozi yakimtiririka.

Jioni alisimulia habari ile mezani mara tatu, akinionyesha nilivyoanguka. Alikula samaki, akala na wangu, akauliza kama nchi hii haina pilipili. Ndani ya ndege ya kurudi alilia sana, kwa sauti, na Zawadi akamshika mkono. Sikumnyamazisha. Bado analia, sikufichi. Lakini sasa analia na anakula.

Jumapili iliyopita alinipigia simu Louisville. Nikasema, "Haloo?" Akasema, "Mwalimu wa Kulala, umeamka?" Nilikaa chini, kaka, nikashukuru Mungu huku simu iko sikioni, naye ananiuliza kama nimekuwa bubu.

Mzigo ulioniachia umekuwa mwepesi. Nakuahidi nitaendelea kwenda Linden maadamu macho yangu yanaona barabara, na yakichoka nitaomba wanangu wanipeleke. Hatakufuata mapema, atakuja kwa wakati wake, akiwa ameshiba, na hapo utautamani ukimya.

Kwa hiyo nakuacha hapa, mkubwa wangu. Nina jambo moja tu la kukutuma. Mama yetu ndiye aliyekuchagulia mke huyo, na alimpenda kuliko sisi wawili. Najua huko mliko sasa ana wasiwasi. Mtafute leo, umwambie mkwe wake anakula.