Fundi Bandia Akaribishwa Chai Molo

Nekesa dadangu,

Hujambo huko Bungoma? Hapa Molo baridi imenivalisha sweta mbili. Darasa letu la masters ya usalama wa mitandao limekuja kutoka Nakuru kujaribu ulinzi wa ofisi moja ya maziwa, meneja akiwa amekubali. Mimi nilitumwa nijifanye fundi wa intaneti, nimtoe karani paswadi yake kwa maneno matamu.

Niliingia na ngazi begani. Karani, mama wa makamo, akanisukumia kiti. "Fundi hafanyi kazi na njaa." Akaleta chai na viazi moto. "Kwani wewe ni mtoto wa nani?" Nikasema. "Ng'ombe mko nao?" Nikamtajia mpaka yule wetu wa kwanza, na unajua jina lake ndilo paswadi yangu. "Umeoa?" Bado. Akaniambia ana binti, mwalimu huko Njoro, kisha akaomba namba ya mama amsalimie. Nikampa!

Nilitoka nimeshiba, paswadi yake sijui hata inaanza na nini. Mhadhiri wetu alicheka mpaka akakalia mkebe wa maziwa.

Mwambie mama asikubali lolote kabla sijamwona huyo binti. Mungu akulinde, dada, maana mimi kujilinda kumenishinda.

Wafula wako